Ufunguo Uliobaki Baharini Kigamboni

Nilikuwa nimeufunga kwenye pindo la kanga. Ndivyo bibi alivyokuwa akifunga hela yake, ndivyo mama anavyofunga yake mpaka leo, na Jumapili ile ufukweni Kigamboni sikuona mahali pengine salama pa kuweka ufunguo wa gari. Wimbi likamwangusha mwanangu mdogo. Nikakimbia majini hadi kiunoni kumnyanyua, na nilipotoka nimembeba, kanga imeloa, pindo limefunguka.

Maji yalikuwa yanajaa. Tulichekecha mchanga kwa vidole hadi saa kumi na moja jioni, mimi, watoto, na vijana wawili wauza madafu walioacha biashara yao kuja kutusaidia. Mama, aliyekuwa amekuja kutoka Tanga kutibiwa macho, alikaa kwenye mkeka chini ya mvinje akituombea dua. Tuliokota makombe tu.

Na ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja.

Gari langu ni Toyota RAV4 ya mwaka 2006. Nililinunua miaka mitatu kabla ya siku ile kwenye yadi moja hapa Dar es Salaam, limeshuka kutoka Japani na ufunguo mmoja, na muuzaji akaniambia wa pili nitachonga mwenyewe. Nikakubali, na nilikusudia kweli kuuchonga. Lakini kila mwezi kulikuwa na jambo lililotangulia: ada ya shule, kodi ya nyumba, matairi. Tangu siku ile nimewauliza ndugu na wafanyakazi wenzangu wenye magari, na wengi wao wanaendesha hivyohivyo. Ndiyo maana nalieleza jambo hili kwa urefu.

Watu wa ufukweni walikuwa wema. Kijana mmoja alileta waya na kabari ya mti, akaipenyeza juu ya mlango, na kabla sijamaliza kumwambia aangalie rangi, mlango ukafunguka. Nilimshukuru, lakini moyo ulinienda mbio. Gari ninalolilaza mbele ya dirisha langu kila usiku lilikuwa limefunguliwa kwa waya wa kutundikia nguo. Mwingine akashauri tuvunje kava la usukani, tuunge nyaya tuondoke. Hapo akaingilia kati mzee mmoja dereva wa teksi aliyekuwa amesimama pembeni muda wote.

"Msilitie hasara gari la watu. Mnaiona ile taa?"

Kwenye dashibodi kuna kitaa chekundu kinachowaka na kuzima gari likiwa limezimwa. Nilikuwa nakiona kila siku nikidhani kimewekwa kuwatisha wezi. Mzee akatueleza kwamba hiyo ni immobilaiza, na kwamba hata nyaya zote zikiungwa, stata itazunguka na gari halitawaka, kwa sababu linautafuta ufunguo wake.

Tukamwachia mlinzi wa hoteli ya jirani gari, tukapanda bajaji hadi pantoni, tukavuka na giza. Mama hakunilaumu hata kidogo. Alinishika mkono tu pantonini.

Usiku huo nilipata namba za mafundi funguo wawili. Wa kwanza alitaja bei, akasema anakuja asubuhi, akakata simu. Wa pili, mwenye kibanda Kariakoo, alitaja bei ya juu zaidi, shilingi 350,000, kisha akaongeza: "Dada, uje na kadi ya gari na kitambulisho chako. Majina yafanane. Bila hivyo sishiki kazi."

Nilikasirika. Kadi yangu haikuwa nyumbani. Ilikuwa kwenye kabati la saccos ya kazini kwetu, dhamana ya mkopo nilionunulia gari lenyewe. Ningelazimika kusubiri Jumatatu, kuomba, kuandikiwa barua, na huku gari limelala ufukweni kwenye upepo wa chumvi. Nikamwambia mama kwamba nitamchukua yule wa kwanza, tena ni nafuu na hana maswali. Mama alikuwa anajipaka dawa ya macho. Akasema bila kugeuka: "Mwanangu, anayekufungulia wewe bila kukuuliza, kesho atamfungulia na mwingine."

Nikasubiri hadi Jumanne. Saccos walinipa nakala iliyogongwa muhuri pamoja na barua ya kuthibitisha kwamba kadi halisi wanayo wao, na taarifa ya upotevu ya polisi nikaichukua. Fundi akakubali. Alifika Kigamboni kwa bodaboda, mkoba mgongoni, na kabla ya kufungua mkoba huo alilinganisha namba ya chesisi kwenye nakala na iliyogongwa kwenye gari, tarakimu kwa tarakimu, akazipiga picha zote mbili pamoja na kitambulisho changu. Najua wengi wetu tunaendesha magari ambayo kadi zake bado zina jina la mwenye gari wa kwanza. Kwa fundi kama huyu, mtu wa namna hiyo akipoteza ufunguo atahangaika sana.

Aliniuliza kama nina kibati. Sikumwelewa. Kumbe Toyota mpya hutoka kiwandani na kibati kidogo cha alumini chenye namba ya ufunguo, na ukiwa na namba hiyo, chuma kinachongwa upya bila kuhitaji ufunguo wa kukopia. Magari yetu yameshapita mikono mingi, vibati vimebaki mbali huko. Basi akatoa kifaa chembamba cha chuma chenye mistari na mkono mdogo, mafundi wanakiita Lishi, akakiingiza kwenye kitasa cha mlango. Kitasa kina vibao vidogo ndani, kila kimoja na kina chake. Kifaa kinavigusa kimoja kimoja na kukwambia kina hicho. Alifumba macho akifanya kazi hiyo, akiandika namba kwa peni kwenye kiganja. Kisha akachonga ufunguo kwa kimashine alichokiunga kwenye betri ya gari.

Ufunguo ule wa kwanza ulikuwa chuma kitupu. "Jaribu," akaniambia. Ukaingia, swichi ikazunguka vizuri kabisa, taa za dashibodi zikawaka zote, stata ikalia. Gari halikuwaka. Kitaa chekundu kikaendelea kupepesa. Alitaka nilione hilo kwa macho yangu, nami nashukuru, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa nilichopoteza baharini.

Kishikio cha plastiki cha ufunguo kina chipu ndani yake, kadiri ya punje ya hindi. Haina betri. Kuzunguka tundu la swichi kuna koili ya waya, na ukiingiza ufunguo na kuzungusha, koili inatoa mawimbi, kilohetzi 134.2 kwa chipu za jamii ya yangu, na chipu inapata umeme wake humohumo kwenye mawimbi. Halafu gari linaitegea kitendawili: linatunga namba papo hapo na kuituma. Chipu inaichanganya namba hiyo na siri iliyofichwa ndani yake, inarudisha jibu. Gari nalo linaijua siri, limeshapiga hesabu yake pembeni. Majibu yakilingana, mafuta na cheche vinaruhusiwa. Yasipolingana, stata itazunguka mpaka betri iishe. Siri yenyewe haitamkwi hewani hata mara moja, na kitendawili cha jana hakirudiwi leo, kwa hiyo mtu aliyesikiliza jana hana cha kujibu leo.

Rimoti ya kufungia milango ni kitu kingine kabisa, ijapokuwa mara nyingi vyote viwili vimo kwenye kishikio kimoja. Rimoti ina betri, ikiisha utafungua mlango kwa chuma na gari litawaka kama kawaida. Rimoti za magari ya soko la Japani hutumia masafa ya karibu megahetzi 312 hadi 315, za Ulaya 433.92. Ndiyo maana ganda zuri la rimoti lililotoka kwenye gari la Uingereza laweza kufanana na lako kwa kila kitu na bado lisifungue mlango. Nilifurahi kujua kwamba mojawapo ya mbinu mashuhuri za rimoti hizi, KeeLoq, ilibuniwa Afrika Kusini miaka ya 1980, kwenye kampuni iitwayo Nanoteq, kabla ya kuuzwa kwa kampuni ya Marekani ya Microchip mwaka 1995. Ni mbinu ambayo kila unapobonyeza, msimbo unabadilika. Milango na mageti mengi duniani yamefunguliwa kwa hesabu iliyofanywa barani kwetu.

Fundi akachomeka tableti yake chini ya usukani, kwenye soketi ya kupimia gari. Akaweka chipu mpya kwenye kishikio, aina ya 4D, akabonyeza, akaniambia tusubiri dakika 16. Gari langu halikubali kusahau funguo zake za zamani kwa haraka. Muda huo umewekwa makusudi: mwizi hana dakika 16 za kukaa ndani ya gari la mtu akitazama saa. Sisi tulikuwa nazo. Tulikaa kivulini tukinywa madafu ya wale vijana wa Jumapili.

Ni katika dakika hizo nilipouliza swali ambalo nadhani kila mwenye gari anapaswa kuliuliza: ufunguo wangu wa zamani uko baharini, akiuokota mtu je?

Akanieleza kwamba kuna njia mbili za kupata ufunguo mwingine. Ya kwanza ni kukopi: unachukua ufunguo ulio hai, mashine inaisoma chipu yake, na chipu tupu inapewa utambulisho uleule. Gari halijui kama funguo ni mbili. Ni rahisi na ni haraka. Ya pili ni kusajili: chipu mpya yenye utambulisho wake inaandikwa kwenye kumbukumbu ya gari, na orodha ya zamani inaweza kufutwa. Aliyeibiwa ufunguo au kuupoteza, halafu akatoa wa akiba akakopiwa na kuondoka zake, amemwachia aliyeokota gari linalowaka. Inabidi orodha ifutwe, na kila ufunguo ulio mkononi mwako usajiliwe upya. Kwangu mimi hakukuwa na ufunguo hai wa kukopi, kwa hiyo kufuta ilikuwa lazima. Lakini nimeshakutana na mtu aliyeporwa mkoba pamoja na funguo, akakopi ule wa akiba, na hakuna aliyemwambia kitu. Nilimsihi arudi kwa fundi siku hiyohiyo.

"Ila mlango bado utafunguka," fundi akaniongezea. Chuma ni chuma, na vitasa vyangu ni vilevile. Kuvibadilisha ni gharama nyingine. Niliamua kutovibadilisha, na tangu wakati huo siachi kitu chochote cha thamani ndani ya gari hilo.

Dakika 16 zikaisha. Kitaa chekundu kikazimika. Gari likawaka mara ya kwanza, na watoto wakapiga kelele hadi mlinzi akaja mbio. Nikamwambia fundi asajili na wa pili palepale. Huo wa pili uliniongezea 60,000 tu, kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika. Ningeutengeneza miaka mitatu nyuma, wakati ule wa kwanza ulikuwa hai, ningelala nyumbani kwangu Jumapili ile na gari langu nje.

Baada ya hapo nilisoma usiku mwingi, maana jambo lilikuwa limeniingia moyoni. Immobilaiza hizi zilienea Ulaya katikati ya miaka ya 1990, na kuanzia Oktoba 1998 kila gari dogo jipya katika Umoja wa Ulaya lililazimika kuwa nayo. Watafiti wa Uholanzi waliopima matokeo ya sheria hiyo walikuta wizi wa magari nchini mwao umepungua kwa wastani wa asilimia 40 hivi. Marekani haikuweka sharti kama hilo, na ilikuja kuona matokeo yake: kwa magari ya modeli ya 2015, asilimia 96 ya magari ya kampuni nyingine yalikuwa na immobilaiza kama kifaa cha kawaida, lakini ya Hyundai na Kia ni asilimia 26 tu. Mwaka 2022 vijana walirushiana video mtandaoni za jinsi ya kuyawasha kwa kichwa cha waya wa USB, na mtaa kwa mtaa magari hayo yakaibwa. Kipande kile cha plastiki nilichokuwa nakiona pambo ndicho kilichokosekana.

Lakini siri nazo huzeeka. Chipu ya jamii ya yangu, iliyotengenezwa na Texas Instruments, ina siri yenye biti 40, yaani mfuatano wa sifuri na moja 40. Hiyo ni kama trilioni 1.1 ya namba zinazowezekana, na ilionekana nyingi ilipobuniwa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na maabara za RSA, kampuni ya usalama wa kompyuta, walitengeneza mashine ya kuzijaribu, wakaipata siri kwa muda wa saa, si miaka, wakawasha gari aina ya Ford kwa chipu ya bandia. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya KU Leuven, Ubelgiji, na Birmingham, Uingereza, wakaonyesha kwamba hata kizazi kilichofuata, chenye biti 80, kilitumiwa vibaya: kwenye baadhi ya Toyota siri ilitokana na namba ya chipu, na namba hiyo chipu yenyewe huitaja hewani. Hilo liliniuma. Hesabu ilikuwa imara, na mtu mmoja mahali fulani akachagua njia ya mkato.

Kwa magari ya pushi-stati, yale ya kuwasha kwa kitufe huku ufunguo umo mfukoni, hatari ni ya namna nyingine. Hapo siri haivunjwi. Wezi wawili wanasimama, mmoja karibu na gari na mwingine karibu na mlango wa nyumba ambako ufunguo umetundikwa, kila mmoja na kifaa, na wanairefusha sauti ya gari hadi ufunguo uisikie na kujibu. Kitendawili ni cha kweli, jibu ni la kweli. Watafiti wa ETH Zurich, chuo kikuu cha Uswisi, walilionyesha hilo mwaka 2011 kwa magari 10 ya watengenezaji 8. Kama una gari hilo, usitundike ufunguo karibu na mlango wa mbele, na uuweke usiku kwenye kopo la bati lenye mfuniko, kisha simama karibu na gari ujaribu kama mlango unafunguka. Kwenye Toyota nyingi za aina hiyo unaweza pia kuulaza ufunguo: shikilia kitufe cha kufunga, bonyeza cha kufungua mara mbili, kitaa cha ufunguo kitapepesa mara 4. Na betri yake ikiisha usibabaike. Kuna chuma kidogo kimefichwa ndani kwa ajili ya mlango, na ukigusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia huku umekanyaga breki, gari litautambua.

Kuna na kisa cha London kilichonigusa zaidi kwa kuwa gari ni RAV4, ndugu mpya wa langu. Mwaka 2022 mtaalamu wa usalama wa magari, Ian Tabor, aliibiwa lake nje ya nyumba. Alipochunguza pamoja na mwenzake Ken Tindell, waligundua wezi hawakugusa ufunguo wala siri. Walifungua taa ya mbele, wakaunga kifaa kilichofichwa ndani ya spika ndogo ya muziki kwenye nyaya za mawasiliano ya gari, na kuliambia gari kwa lugha yake yenyewe kwamba ufunguo umeshakubaliwa.

Nikirudi kwa fundi wangu: mashine aliyonitolea shida ndiyo ileile inayoweza kumpa mwizi gari langu. Inauzwa, inaagizwa, na nilipomuuliza kama ni vigumu kuipata alitikisa kichwa. Tofauti kati ya Jumanne ile na wizi ilikuwa karatasi yenye muhuri, na mtu aliyekataa hela mpaka aione. Yule wa kwanza sijampigia tena, na ninapoulizwa namba ya fundi natoa ya huyu tu, huku nikitahadharisha kwamba atakusumbua. Ningependa siku moja kazi hii iwe na leseni na daftari la kila gari lililofunguliwa, jina na chesisi. Kwa sasa daftari hilo liko kwenye simu ya fundi mmoja mmoja anayejali.

Wiki tatu baadaye bahari ilikupwa sana, kupwa kwa bamvua, na mlinzi akanipigia. Mmoja wa wale vijana wa madafu ameokota ufunguo kwenye mwamba. Nilikwenda na mama, aliyekuwa anaondoka kesho yake kurudi Tanga akiwa anaona vizuri zaidi. Ufunguo ulikuwa na kutu, kishikio kimebabuka, uzi mwekundu wa kanga yangu bado umejiviringisha kwenye tundu. Kijana aliusugua kwa mafuta ya taa mpaka meno yakaonekana. Nikampa zawadi yake.

Nikaujaribu mlangoni. Ulikwama kidogo, kisha mlango ukafunguka. Nikakaa kwenye kiti, nikauingiza kwenye swichi, nikazungusha. Mama alikuwa ameinama dirishani kuangalia kitaa. Stata ikazunguka, nikaiacha, nikazungusha tena.

"Bado kinapepesa," mama akasema.